Maua ya arusi kutoka shamba letu

Binti yetu alipoposwa, tulihesabu siku kwa kurudi nyuma. Arusi ilipangwa mwanzo wa mwezi wa 12. Zinia huchukua siku 60 hadi 70 toka mbegu mpaka ua, na sisi huku Lubero, sababu ya baridi, tuliongeza siku 10. Basi katikati ya mwezi wa 9 tukasia mstari wa kwanza, kwenye udongo wenye mboleo ya mbuzi iliyooza. Shangazi akacheka: udongo wa maharagi mnaupa maua?

Kisha wakwe wakaomba majuma matatu zaidi, mbuzi wa mahari hawajatimia. Maua ya kwanza yalikuwa yanafunguka! Hapo njo tulishukuru kwamba kila majuma mawili tulisia mstari mwingine. Yaliyotangulia tuliyakata tu, maana zinia ikianza kutoa mbegu, maua yanapungua.

Siku yenyewe tulikata alfajiri, tukatoa majani ya chini, tukaweka ndoo za maji safi kivulini. Kanisani watu waliyagusa waone kama ni plastiki.

Vichwa vilivyobaki tumevikausha. Rangi pengine zitachanganyika, lakini mwanakoperativi mwenye arusi mwakani aje achukue konzi moja.