Pesa za Inua Jamii zikichelewa: Jua tatizo liko wapi

Mlezi anayetoka Kasigau hadi mjini Voi na kukuta akaunti haina kitu amepata hasara mara mbili: nauli imekwenda, na siku nzima mtu anayemtunza amebaki bila yeye. Makala haya yanaeleza kwa nini malipo huchelewa au kukatika, na hatua za kuchukua.

Nani hulipa?

Msaada wa pesa kwa watu wenye ulemavu mkali ulianza mwaka wa 2011. Ni sehemu ya mpango wa Inua Jamii wa Serikali ya Kitaifa, chini ya Wizara ya Leba na Ulinzi wa Jamii. Serikali ya Kaunti hailipi pesa hizi wala haiandiki orodha ya wanaolipwa. Kiwango ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Unalenga mtu anayehitaji kutunzwa wakati wote, na mlezi wake hupokea pesa kwa niaba yake.

Kwa nini huchelewa?

Pesa hutoka Hazina ya Kitaifa, huenda kwa idara husika, orodha huhakikiwa, ndipo malipo hutumwa. Hazina ikichelewa, nchi nzima hungoja. Ndiyo maana wakati mwingine hulipwa miezi kadhaa kwa pamoja. Ukipata shilingi 4,000, hiyo si nyongeza; ni malipo ya miezi miwili.

Waulize wenzako kwanza

Kabla ya kulipa nauli, uliza wanufaika wengine wa mtaa wako au naibu wa chifu. Ikiwa hakuna aliyelipwa, tatizo liko juu na safari haitasaidia. Ikiwa wenzako wamelipwa na wewe hujalipwa, usingoje awamu ijayo. Huenda sababu ni mojawapo ya hizi:

• Jina au nambari ya kitambulisho hailingani na rekodi za malipo.
• Hukujitokeza wakati wa uhakiki wa wanufaika walio hai.
• Mlezi aliyesajiliwa amefariki, amehama au hawezi tena kazi hiyo.

Nenda kwa chifu, au kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yako: Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta. Beba vitambulisho vyako na vya unayemtunza, pamoja na stakabadhi za malipo ya awali. Mlezi akibadilika, ripoti mapema; jirani hawezi kuendelea kupokea kwa mapatano ya mdomo tu.

Kadi ya ulemavu si malipo

Wengi hudhani kwamba kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu humwingiza mtu moja kwa moja kwenye Inua Jamii. Sivyo. Kadi huthibitisha ulemavu baada ya uchunguzi wa daktari katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, nayo hufungua milango mingine, kama vile kuomba msamaha wa kodi. Inua Jamii ina usajili wake, hufunguliwa kwa awamu, na nafasi hutegemea bajeti. Hata hivyo, tafuta kadi sasa ili usajili ukifunguliwa uwe tayari.

Tahadhari

Kusajiliwa ni bure. Usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri wala "kitu kidogo" ili jina lako lirudishwe. Anayekudai pesa, mripoti.