Dawa ya Nyongeza kwa Mgonjwa wa Parkinson: Namna ya Kuitumia kwa Usalama

Ugonjwa wa Parkinson ni ugonjwa wa ubongo unaoendelea polepole. Seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa kidogo kidogo. Dopamini ikipungua, mwendo huwa mzito, misuli hukakamaa, na mara nyingi mkono mmoja huanza kutetemeka ukiwa umetulia. Ugonjwa huu hauambukizi, hautokani na kurogwa, wala si sehemu ya uzee wa kawaida. Hapa Tanzania wengi huishi nao bila kuujua. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulihusu jamii ya watu 161,071. Walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa kuwa wana ugonjwa huo.

Makala haya yanamhusu mgonjwa ambaye tayari ametambuliwa, anatumia levodopa, na sasa ameandikiwa dawa ya pili. Kwa mkazi wa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani na Ufukoni hadi Msimbati na vijiji vya karibu na mlango wa Mto Ruvuma, hatua hii inahitaji uangalifu wa pekee. Mara nyingi dawa hiyo huandikwa na daktari bingwa aliye mbali, pengine Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 500. Lakini homa, kikohozi, kutapika na maumivu hutibiwa kwenye zahanati au duka la dawa la jirani. Hatari kubwa ya dawa ya nyongeza hutokea hapo: anayetoa dawa ya leo hajui dawa iliyotolewa mwezi uliopita.

Kwa nini levodopa huongezewa dawa nyingine

Levodopa hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Hutolewa pamoja na karbidopa katika kidonge kimoja, ili isigeuzwe mapema mwilini kabla ya kufika kwenye ubongo. Levodopa haikai muda mrefu katika damu. Kiasi chake hupungua kwa nusu katika muda wa saa moja na nusu hivi. Miaka ya mwanzo mgonjwa haoni tatizo, kwa kuwa ubongo bado unaweza kuhifadhi dopamini. Baadaye uwezo huo hupungua, na mgonjwa huona nguvu ya dozi ikiisha kabla ya saa ya dozi inayofuata. Hukakamaa, hushindwa kuinuka kitini, na akimeza kidonge kingine huwa sawa tena. Hapo ndipo daktari huweza kuongeza dawa ya pili.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: dawa nyingi za nyongeza hubadilisha namna levodopa inavyofanya kazi. Kwa hiyo haifai kuzihesabu kama vidonge vingine tu vilivyoongezwa juu ya vile vya zamani.

Dawa zenyewe na tahadhari zake

*Entakaponi* huzuia levodopa isivunjwe haraka mwilini. Peke yake haina faida. Ni lazima imezwe wakati uleule na dozi ya levodopa, kwa kawaida kidonge cha miligramu 200 kwa kila dozi. Kwa kuwa huifanya levodopa iwe na nguvu zaidi, siku za mwanzo mgonjwa anaweza kupata miondoko ya mwili asiyoitaka, kichefuchefu, au kuona vitu visivyokuwepo. Dalili hizo zikitokea, daktari mara nyingi hupunguza kiasi cha levodopa. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe.

Entakaponi pia hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Katika ukanda wa pwani, ambako kichocho cha mkojo kinafahamika vema, rangi hiyo huwatisha watu, na wapo wanaoweza kuacha dawa kwa kudhani wanakojoa damu. Rangi ya dawa haina madhara. Hata hivyo, mwenye maumivu wakati wa kukojoa, au mwenye shaka, apimwe mkojo. Kipimo kitaonyesha kama kuna damu au mayai ya kichocho. Kuharisha kunakoendelea na kupungua uzito kuripotiwe, hata kama kumeanza wiki nyingi baada ya kuanza dawa.

*Selegilini na rasagilini* hupunguza kasi ya kuvunjwa kwa dopamini ndani ya ubongo. Rasagilini humezwa mara moja kwa siku. Selegilini imezwe asubuhi, na kama kuna dozi ya pili iwe mchana, kwa sababu ikimezwa jioni huondoa usingizi. Hizi ndizo dawa za nyongeza zinazogongana zaidi na dawa nyingine, kama itakavyoelezwa hapa chini.

*Pramipeksoli na ropiniroli* huiga kazi ya dopamini. Huanzwa kwa dozi ndogo sana na kupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Pramipeksoli hutolewa na figo, hivyo mwenye ugonjwa wa figo huhitaji dozi ndogo zaidi. Dawa hizi zinaweza kuleta usingizi wa ghafla usiotoa ishara. Mvuvi anayekwenda baharini peke yake, dereva wa bodaboda na mwendesha mashine waambiwe jambo hili kabla ya kuanza. Aidha, baadhi ya wagonjwa hupata tamaa wasiyoweza kuizuia: kucheza kamari, kununua vitu hovyo, kula kupita kiasi, au hamu ya tendo la ndoa isiyo ya kawaida yao. Mzee ambaye maisha yake yote alitunza fedha zake, kisha malipo ya korosho yakaisha kwa siku chache katika kubeti, huenda hajabadilika tabia. Huenda ni dawa. Familia isione aibu kulisema. Daktari anaweza kupunguza dawa kwa utaratibu, na mara nyingi tabia hiyo hupungua au hukoma.

*Benzheksoli*, inayojulikana na wengi kwa jina la Artane, ni rahisi kupatikana kwa sababu hutumika pia katika kliniki za afya ya akili. Husaidia mtetemeko kwa baadhi ya wagonjwa wenye umri mdogo. Kwa wazee huleta kuchanganyikiwa, kusahau, mkojo kukwama na choo kigumu, na kwa mwenye presha ya macho inaweza kudhuru macho. Hupunguza pia jasho. Anayefanya kazi shambani kwenye jua kali la pwani anaweza kupata joto la mwili la hatari. Haifai kununuliwa bila kuandikiwa na daktari.

Takribani dawa zote hizi zinaweza kushusha shinikizo la damu mgonjwa anaposimama. Aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha asimame akiwa ameshika kitu. Mhudumu apime shinikizo mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, na azikague upya dawa za presha anazotumia.

Dawa za kawaida zinazoweza kudhuru

Kwa anayetumia selegilini au rasagilini, asipewe tramadoli wala pethidini kwa maumivu, na asinunue dawa za kikohozi zenye dekstromethorfani wala dawa za mafua zenye pseudoefedrini. Mchanganyiko huo unaweza kuleta homa kali, jasho, kutotulia, misuli kurukaruka na shinikizo la damu kupanda. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ni chaguo salama zaidi kwa maumivu na homa. Dawa za sonona kama fluoksetini na amitriptilini zisiongezwe bila ushauri wa daktari anayeujua ugonjwa huu. Linezolidi, inayotumika katika kifua kikuu sugu, haiendi pamoja nazo. Siprofloksasini, ambayo huuzwa kwa wingi, huongeza kiasi cha rasagilini na ropiniroli katika damu. Mhudumu achague kiuavijasumu kingine inapowezekana.

Kwa kila mgonjwa wa Parkinson, awe na dawa ya nyongeza au asiwe nayo, kuna kundi jingine la kuepukwa: dawa zinazozuia dopamini. Metoklopramidi, inayojulikana kama Plasil, ndiyo inayotolewa mara nyingi kwa anayetapika. Zipo pia prometazini, proklorperazini, haloperidoli na klorpromazini. Dawa hizi zinaweza kumfanya mgonjwa aliyekuwa akitembea ashindwe hata kumeza. Iwapo dawa ya kuzuia kutapika inahitajika, domperidoni kwa dozi ndogo na siku chache hufaa zaidi, baada ya kuuliza kuhusu ugonjwa wa moyo. Mhudumu akumbuke kuwa kwinini na lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, nazo zinaweza kugusa mapigo ya moyo. Malaria yenyewe itibiwe bila kuchelewa.

Dawa isiachwe ghafla

Tuchukulie mzee wa kijijini ambaye vidonge vyake vimekwisha na nauli ya kwenda mjini haijapatikana. Siku ya tatu anapata homa kali, anakakamaa mwili mzima, jasho linamtoka, na maneno yake hayaeleweki. Katika mkoa ambao malaria ni ya kawaida, kila mtu atasema ni malaria. Inawezekana, na kipimo kifanywe. Lakini kuacha ghafla levodopa au dawa zinazoisaidia kunaweza kuleta hali hiyohiyo, na inaweza kuua. Swali la kumuuliza kila mgonjwa wa Parkinson mwenye homa na mwili mgumu ni moja: mara ya mwisho alimeza dawa zake lini? Kama amekatiza dawa, ni dharura. Arudishiwe dawa zake na apelekwe hospitali ya rufaa mara moja.

Kwa sababu hiyo mgonjwa ajaze dawa zikiwa zimebaki za wiki mbili angalau, hasa kabla ya masika. Akilazwa kwa sababu yoyote, aende na dawa zake, na wauguzi wampe kwa saa zake za nyumbani hata kama hazilingani na saa za wodi.

Chakula, vidonge vya damu na mfungo

Levodopa hugombania njia na protini, utumboni na katika kuingia kwenye ubongo. Samaki, nyama na kunde vikiliwa pamoja na dozi, nguvu ya dozi inaweza kupungua. Imezwe nusu saa kabla ya kula au saa moja baada ya kula. Hatumkatazi mkazi wa pwani samaki. Mwenye tatizo hili ale sehemu kubwa ya samaki jioni. Mgonjwa aliyekonda asipunguziwe protini.

Vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu hushikana na levodopa na entakaponi tumboni. Vitenganishwe kwa saa mbili hadi tatu.

Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa anayemeza levodopa mara nne au tano mchana hawezi kuzikusanya dozi zote kwenye futari na daku. Kumeza dozi mbili kwa pamoja ni hatari, na kukaa kutwa nzima bila dawa ni hatari pia. Azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wapo wanaoweza kupangiwa upya. Kwa wengi ugonjwa wenyewe ni udhuru wa kutofunga, na maimamu wetu wanalifahamu jambo hilo.

Upupu

Mbegu za upupu, mmea unaojulikana kwa kuwasha, zina levodopa halisi. Zimechunguzwa na watafiti, na si ushirikina kusema zinagusa ugonjwa huu. Ndiyo maana zinahitaji tahadhari. Kiasi cha levodopa katika mbegu moja na nyingine hakilingani, na unga wa sokoni hauna kipimo. Karbidopa iliyomo katika kidonge cha hospitali huikuza pia levodopa ya upupu, na entakaponi huikuza zaidi. Anayechanganya vitu hivi amejiongezea dozi isiyojulikana. Anaweza kutapika, kuanguka kwa presha kushuka, kutikisika mwili au kuona mazimwi. Mhudumu aulize kuhusu upupu bila kukemea, kwa kuwa aliyekemewa hatasema tena.

Karatasi moja ya kubeba

Mgonjwa na ndugu yake waandike kwenye karatasi moja: jina la ugonjwa, jina la kila dawa kama lilivyo kwenye boksi, kiasi chake, saa za kumeza, na tarehe dawa ya nyongeza ilipoanza. Chini yake yaandikwe maneno haya: *Asipewe Plasil wala haloperidoli.* Anayetumia selegilini au rasagilini aongeze: *Asipewe tramadoli, pethidini wala dekstromethorfani.* Karatasi hiyo ionyeshwe kila mahali dawa inapotolewa, hata inaponunuliwa dawa ya mafua.

Kwa mhudumu wa zahanati na muuza dawa, kazi ni kuiomba karatasi hiyo kabla ya kutoa chochote, na kupiga simu kwa mfamasia au daktari wa hospitali ya rufaa panapokuwa na shaka. Madhara yanayoshukiwa kutokana na dawa yaripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Mgonjwa arudi kliniki wiki mbili hadi nne baada ya kuanza dawa ya nyongeza, akiwa ameandika saa anazokuwa vizuri na saa anazokakamaa. Kwa maandishi hayo daktari ataamua kama dawa iendelee, dozi ya levodopa ipunguzwe, au nyongeza hiyo iondolewe taratibu.