Mfundishe Mtoto Kusoma Kalenda

Nyumba nyingi za Mbulu na Hanang zina kalenda ukutani. Mtoto wa darasa la kwanza huipita kila siku akitazama picha tu. Wewe umekwisha kujifunza kusoma. Mfundishe.

Anza na siku za juma. Mwulize: leo ni siku gani? Jana je? Majina yenyewe yanahesabu. Jumamosi ni siku ya mosi, yaani ya kwanza. Hufuata ya pili, ya tatu, ya nne na ya tano. Hesabu hii huanza baada ya Ijumaa, siku ya Waislamu kukusanyika kwa sala. Alhamisi limetoka Kiarabu, nalo pia maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Basi juma letu lina siku mbili za tano! Watoto hulipenda jambo hili.

Kisha tarehe. Kila jioni mtoto atie alama ya mkaa juu ya tarehe ya leo. Miezi nayo ina namba. Sabasaba ni siku ya 7 ya mwezi wa 7. Nanenane ni siku ya 8 ya mwezi wa 8. Tarehe kamili ina mwaka pia. Tarehe 3/12/2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likafika Katesh, na watu wengi walikufa. Mwulize mtoto: siku hiyo ulikuwa na umri gani?

Sasa mpe kazi ya kweli. Chukua kadi ya kliniki ya mdogo wake. Chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Muuguzi akiandika tarehe ya kurudi, mtoto aitafute kwenye kalenda, aizungushie duara, ahesabu zimebaki siku ngapi. Chupa ya chanjo hiyo ikifunguliwa haikai zaidi ya saa 6, kwa hiyo vituo vingi hupanga siku maalumu. Ukifika siku nyingine unaweza kurudishwa. Umepoteza siku ya palizi, na mtoto amebaki bila kinga. Surua huua.

Duara likiangukia Jumapili au sikukuu, mwulize muuguzi mapema.