Unauza amplifaya ya gitaa ya zamani? Angalia plagi kwanza
Umepata Fender ya miaka ya 1960, ile ya tyubu za kioo? Kabla hujaipiga picha, angalia plagi. Kama ina miguu miwili tu, haina ethi. Tena nyingi zina kapasita kati ya waya wa umeme na bodi ya chuma. Mafundi wa Marekani huiita kapasita ya kifo. Ikipiga shoti, umeme unafika hadi kwenye nyuzi za gitaa. Mteja wako akigusa maiki kwa mdomo… fikiria mwenyewe.

Usiifungue wewe. Hata ikichomolewa, ndani hubaki mamia ya volti. Fundi aitoe hiyo kapasita, aweke kebo ya nyaya tatu, ule wa ethi aufunge kwenye bodi kwa bolti yake peke yake. Kwenye tangazo weka picha ya plagi mpya. Na kama ni ya volti 120, sema mapema kwamba inahitaji transfoma.