Uliza Nani Ameshika Funguo

"Nijiunge na kundi gani la mtandaoni lisilo na bosi ili nianze kulipwa?" Swali hili limeulizwa kupita kiasi, na kila likirudi limevaa nguo mpya. Mwaka mmoja lilikuja na sarafu za kidijitali, uliofuata likaja na michezo inayolipa wachezaji, sasa linakuja na akili unde. Kiini chake ni kilekile. Muulizaji ameambiwa kwamba zama za mwajiri zimekwisha, kwamba watu watakutana mtandaoni bila ofisi wala meneja, watapiga kura, watafanya kazi, kisha programu itawagawia malipo kwa haki kwa sababu programu haina ndugu wala mtu wa kijijini kwao. Kijana aliyezunguka na bahasha ya vyeti miaka mitatu ana kila haki ya kuuliza kazi iko wapi. Lakini imani kwamba mahali pasipo na bosi hapana mwenye nguvu lazima ivunjwe kabla ya ushauri wowote, maana ndiyo inayowafanya watu watoe viingilio kwenye makundi ya Telegram na kununua tokeni, yaani sarafu za kidijitali za makundi hayo, kwa pesa ya ada ya mdogo wao.

Mwanakikoba yeyote anaujua ugatuzi wa madaraka kuliko wahubiri wengi wa tokeni. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata mmoja. Siku ya kikao linafunguliwa mbele ya wote, pesa zinahesabiwa kwa sauti, salio linatajwa, na wanachama wanaondoka nalo kichwani ili wiki ijayo walitaje tena kabla sanduku halijafunguliwa. Mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, faini ya kuchelewa ipo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye uwezo wa kufungua peke yake. Huo ndio ugatuzi wenyewe, na kwa kipimo hicho mengi yanayouzwa mtandaoni kama jamii zisizo na mkuu yanaanguka mtihani wa kwanza.

Chukua Axie Infinity, mchezo wa kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, ambao mwaka 2021 ulitangazwa duniani kote kama sura ya ajira mpya. Ufilipino ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, watu wengi wamepoteza vibarua, na mchezo ulikuwa unalipa kwa tokeni inayoitwa SLP. Ili kuanza, mchezaji alihitaji viumbe watatu wa kidijitali, na wakati wa kilele bei yao ilifika mamia ya dola. Nani asiye na kazi mwenye mamia ya dola? Basi wenye nazo wakanunua viumbe, wakawakodisha wasio nazo, na kuchukua sehemu ya mapato ya kila siku. Bosi aliyesemekana kafa akarudi akiwa mwenye mali, na mfanyakazi akarudi akiwa mpangaji, safari hii bila mkataba wa ajira, bila likizo ya ugonjwa, bila mchango wa pensheni. Tokeni iliyopita senti 30 za dola katikati ya 2021 ilikuwa imeshuka chini ya senti moja mwaka mmoja baadaye. Sababu haina siri. Wanunuzi wakubwa wa tokeni hiyo walikuwa watu waliotaka kuzalisha viumbe wapya wa kuwauzia wachezaji wapya, na wachezaji wapya walipopungua hapakuwa na mtu mwingine wa kuinunua. Mshahara wa mchezaji wa jana ulikuwa kiingilio cha mchezaji wa leo. Anayekuambia hiyo ni teknolojia mpya amwulize bibi yeyote aliyewahi kudhulumiwa kwenye upatu.

Halafu tazama funguo. Mtandao wa Ronin, uliobeba fedha za mchezo huo, ulilindwa na funguo tisa, na tano zilitosha kuidhinisha malipo. Nne kati ya tisa zilikuwa mikononi mwa kampuni yenyewe. Ufunguo wa tano ulikuwa wa kile kilichoitwa jamii ya wachezaji, lakini Novemba 2021 jamii hiyo iliipa kampuni ruhusa ya kusaini kwa niaba yake kwa sababu kazi ilikuwa nyingi, na shughuli ilipokwisha hakuna aliyekumbuka kuiondoa ruhusa. Machi 2022 wezi walipoingia ndani ya kampuni walikuta funguo tano mahali pamoja. Wakachukua zaidi ya dola milioni 600, na FBI baadaye ikasema ni wadukuzi wa Korea Kaskazini. Taarifa zilizochapishwa zilieleza kwamba waliingia kwa kumtumia mhandisi ahadi ya kazi ya uongo. Siku sita zilipita kabla ya mtu yeyote kugundua, na kilichofichua wizi ni mtumiaji aliyejaribu kutoa pesa zake akashindwa. Siku sita, kwenye mtandao ambao daftari lake la miamala linasifiwa kwamba kila mtu duniani anaweza kulisoma! Kikundi cha kina mama kinachohesabu kwa sauti kila wiki kina ulinzi ambao mtandao huo haukuwa nao: watu waliopewa zamu ya kuangalia.

Wapo watakaosema huo ni mkosi wa kampuni moja. Mwaka 2022 Chainalysis, wanaochunguza miamala ya sarafu hizi, walipima jamii 10 kubwa zinazojiendesha kwa kura za tokeni na kukuta chini ya asilimia moja ya wenye tokeni wameshika asilimia 90 ya nguvu ya kura. Haingeweza kuwa vinginevyo, kwa sababu kura inanunuliwa. Miaka sita kabla yake, mfuko uliojiita The DAO ulikusanya sarafu za Ethereum zenye thamani ya dola milioni 150 hivi, kwa ahadi kwamba msimbo ndio sheria na hakuna binadamu atakayeingilia. Juni 2016 mtu alitumia kasoro ya msimbo huohuo kuchota karibu theluthi ya fedha. Mwezi uliofuata wenye mamlaka ya kweli, waandishi wa programu na wachimbaji wakubwa wa sarafu hiyo, walikubaliana kulibadilisha daftari la miamala ili fedha zirejee. Nadhani walifanya vyema. Ila tangu siku hiyo hakuna mwenye haki ya kusema kwamba hapakuwa na wakubwa. Jo Freeman, mwanazuoni wa Marekani, aliliona jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndani ya vikundi vya harakati za wanawake vilivyokataa kuwa na uongozi. Vikundi hivyo viliongozwa hivyohivyo, na watu ambao hakuna aliyewachagua na hakuna aliyeweza kuwaondoa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka kwa wanaotaja mifumo huria ya kompyuta ya Linux na Debian, na kamusi elezo ya Wikipedia. Hizi ni jamii za kweli, zimedumu kwa miongo, na zimejenga vitu ambavyo dunia nzima inavitegemea. Ndiyo, na ndizo zinazoizika imani ninayoipinga. Debian ina katiba tangu 1998. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka, wanachama wanaweza kuupindua uamuzi wake kwa kura, na anayetaka uanachama kamili huthibitishwa utambulisho na kupimwa ujuzi kabla ya kukabidhiwa ufunguo. Linux ina ngazi za watunzaji, na juu yao amekaa Linus Torvalds, aliyeianzisha mwaka 1991. Tena ripoti za Linux Foundation za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya kazi kwenye kiini cha mfumo huo hufanywa na watu wanaolipwa mshahara na kampuni. Jamii inapanga kazi, inakagua kazi, inakataa kazi mbovu. Mshahara unatoka mfuko mwingine.

Na pale ambapo hakuna mfuko, gharama inalipwa na mtu mmoja gizani. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, imo ndani ya seva nyingi duniani, na kwa miaka ilitunzwa na mtu mmoja kwa muda wake wa ziada, bila malipo. Mwaka 2022, akiwa amechoka na akisema hadharani kwamba afya yake ya akili si nzuri, alibanwa na akaunti zisizofahamika zilizolalamika kwamba anachelewa na kumtaka amwachie mwingine. Mwingine alikuwepo tayari: mchangiaji mpole aliyejiita Jia Tan, aliyeleta marekebisho mazuri mwezi baada ya mwezi mpaka akapewa funguo. Mwanzoni mwa 2024 akaingiza mlango wa siri ambao ungemwezesha kuingia kwenye seva za watu. Mhandisi Andres Freund aliunusa kwa sababu kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde! Angeipuuza, kama wengi wangefanya, mlango ungesambaa kwenye matoleo ya kawaida ya Linux. Hapo hapakuwa na bosi, ni kweli. Hapakuwa pia na likizo, mshahara, wala mwenzake wa kumpokea mzigo mtu aliyechoka, na adui alipita hapohapo.

Je, basi jamii hizi hazibadilishi chochote kwenye ajira? Zinabadilisha jambo kubwa, nalo ni namna ya kuthibitisha kwamba unajua kazi. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulianza kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko Dar es Salaam. Wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita mitaani pamoja na wakazi wakiandika mfereji uko wapi, una upana gani, umeziba au haujaziba. Kazi yote iliingia OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, ambayo kila badiliko lina jina la akaunti, tarehe na alama ya kilichoguswa. Fedha zilitoka Benki ya Dunia na washirika wake. Jamii ya ramani haikumlipa mtu. Ilichompa mchoraji ni ushahidi usiofutika kwamba mfereji huu aliupima yeye, ambao mwajiri wa Mwanza au Geneva anaweza kuusoma bila kupiga simu kwa mtu. Vijana 13 wa Kibera, Nairobi, walianza hivyohivyo mwaka 2009 na Map Kibera. Masakhane, jamii ya watafiti wa teknolojia ya lugha za Afrika, imefika mbali kwa njia hiyo: watu wa nchi nyingi, wengine bila shahada za juu, wametoa tafiti na hazina za data, Kiswahili kikiwemo, na majina yao yamechapishwa kama waandishi. Kwa nchi ambazo cheti hakitoshi bila mtu wa kukushika mkono, njia hii ya kujulikana kwa kazi yako ina thamani ambayo hakuna tokeni iliyowahi kuifikia.

Watasema tena: mwajiri wa kawaida naye hunyonya. Hunyonya, sibishi. Lakini ana anwani. Wakaguzi wa maudhui ya Facebook wa Nairobi walioachishwa kazi na mkandarasi wa Meta, kampuni yenye mtandao huo, walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikakubali kwamba Meta yenyewe inaweza kushtakiwa nchini humo. Jamii ya tokeni utaipelekea hati wapi? Marekani wamejaribu kulijibu swali hilo, na majibu yanapaswa kumtia wasiwasi kila mwenye tokeni. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho iliyoko California iliitoza Ooki DAO, mojawapo ya jamii hizo, faini ya zaidi ya dola 643,000 kama chama kinachoweza kushtakiwa, na mwaka huohuo, katika kesi nyingine iliyohusu jamii ya tokeni ya bZx, jaji alikubali kwamba dai la kuwaita wenye tokeni za kura wabia linastahili kusikilizwa. Mbia hubeba deni. Uliyedhani umenunua kazi unaweza kuwa umejiandikisha kulipa madeni ya watu usiowajua.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, haya. Usitoe kiingilio, hata cha shilingi elfu mbili. Chagua mradi mmoja unaoutumia au unaouelewa: ramani, tafsiri ya programu huria, kurekodi na kuhakiki sauti za Kiswahili kwenye Common Voice, makala za Wikipedia. Soma kanuni za kuchangia kabla ya kuandika neno. Anza na kosa dogo, lirekebishe, pokea ukaguzi bila kununa, rudia kwa miezi sita kwa akaunti moja yenye jina utakaloliweka kwenye barua ya kuomba kazi. Weka kikomo cha saa kwa wiki na usiache kibarua kinachokulisha. Jamii ikikua na kushika fedha, isajilini kama ushirika au asasi ili iwe na mkutano mkuu, mkaguzi na mahali pa kushtakiwa. Mkiwa mnaitunza programu ambayo kampuni zinaitegemea, ziandikieni zilipe, na msimwache mtunzaji mmoja peke yake. Na ukikaribishwa kwenye kundi lolote linalosema halina bosi, uliza kwanza funguo ni ngapi, ngapi zinatosha kufungua, na kila ufunguo ameushika nani, kwa jina. Wakikujibu kwamba mfumo unajilinda wenyewe, toka humo siku hiyohiyo.