Macho ya Rubani Juu ya Songwe

Sisi wafanyabiashara wa Tunduma tukitaka kuwahi soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hupandia ndege Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012 upande wa Mbeya. Asubuhi nyingine ukungu hutanda hata uzio wa uwanja usionekane. Kwa miaka mingi hapakuwa na taa za kuongozea ndege, na safari ziliahirishwa abiria tukinung'unika.

Rubani anayetua kwa macho lazima aione mwenyewe barabara ya kutulia ndege, akadirie umbali na kimo. Tatizo ni kwamba macho, hata ya mzoefu, hudanganya. Barabara inayopanda kidogo humfanya ajione yuko juu kuliko alivyo, ashuke mno kabla ya kuifikia. Giza lisilo na taa za makazi chini hufanya vivyo hivyo.

Kulazimisha kutua hewa ikiwa mbaya kuna hatari yake. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, hali ya hewa ikiwa mbaya. Kati ya watu 43 waliokuwemo, walifariki 19.

Ndugu abiria, rubani akitangaza kwamba anageuza ndege, tafadhali usimfokee mhudumu. Mzigo utasubiri.