Dakika Moja Jukwaani

Wajukuu zangu, leo simameni kwanza. Nyamazeni, tulieni, mtazamane mpaka nihesabu sitini.

Si kazi rahisi, eh? Miguu inataka kukimbia.

Basi hivyo ndivyo linavyoanza onyesho liitwalo Disabled Theater. Mfaransa Jérôme Bel, mtunzi wa dansi, alilitengeneza mwaka 2012 pamoja na Theater HORA, kundi la waigizaji wa Zurich, Uswisi. Waigizaji wenyewe ni watu wazima wenye ulemavu wa akili. Baadhi yao wana sindromu ya Down: kwa kawaida mtu wa hali hiyo huzaliwa na kromosomu 47, wakati wengi wetu tuna 46. Nasema watu wazima, mnisikie vizuri. Maana tukikutana na mtu kama huyo, hata awe na ndevu, tunambembeleza kama mtoto, na akiulizwa jambo tunamjibia sisi.

Pale jukwaani hakuna anayemjibia. Wanatoka mmoja mmoja, kila mtu anasimama kimya dakika nzima mbele ya watazamaji. Baadaye anarudi, anataja jina, umri na kazi yake. Kazi? Mwigizaji!

Kisha ndipo dansi inapoanza. Kila mmoja alijichagulia wimbo, akajitungia mitindo yake mwenyewe. Hilo ndilo linalonigusa. Mtu ambaye tangu utotoni amepangiwa avae nini, ale nini, alale saa ngapi, hapa anaamua mwenyewe mkono uende wapi, na mwili wake unasema bila kungoja wa kumsemea. Julia Häusermann, mwenye sindromu ya Down, alicheza wimbo wa Michael Jackson. Mwaka 2013 mjini Berlin alipewa tuzo ya Alfred Kerr, ambayo hupewa mwigizaji kijana aliyeng'ara.

Lakini kuna jambo lililoniuma. Bel alichagua dansi saba tu, wengine wakabaki vitini wakitazama wenzao. Baadaye waigizaji wanaulizwa wanalionaje onyesho hilo, na mmoja wa walioachwa anasema waziwazi kwamba hakuridhika: naye alitaka kuwa miongoni mwa wale saba. Anayasema hayo palepale jukwaani, watazamaji wakisikia.

Basi wale walioachwa nao wakaitwa. Muziki ukawashwa tena, wakainuka vitini, wakacheza.